Mtoto wa Tatu Kwenye Sofa: Uchambuzi wa Kisa cha Picha ya Familia ya Maryland

Kisa hiki kinahusu picha ya familia iliyochorwa kwa rangi za mafuta mwanzoni mwa karne ya 19 katika jimbo la Maryland, Marekani, ambayo wenyewe waliamini kuwa ni kazi ya mchoraji aliyejifundisha mwenyewe. Nilikuwa msajili wa mikusanyo katika makumbusho madogo ya historia yaliyopokea picha hiyo, na makosa mawili makubwa kati ya nitakayoyaeleza ni yangu. Majina ya familia, ya mji na ya makumbusho nimeyaondoa. Miaka ya kuzaliwa na ya kufa ya wanafamilia nimeisogeza yote kwa kiasi kimoja kidogo, ili hesabu ya umri ibaki kama ilivyokuwa na mtu asitambulike. Nimeandika kwa ajili ya wenzangu wanaotunza vitu na nyaraka, huku Amerika Kaskazini na nyumbani Afrika Mashariki, ambao kila siku huletewa kitu pamoja na hadithi yake na hulazimika kuamua ni kipi waandike kwenye rejista.

Usuli

Picha ina upana wa karibu mita moja na nusu. Baba ameketi upande wa kushoto wa sofa ndefu, amevaa koti jeusi lenye ukosi mrefu na kitambaa cheupe shingoni, na mkononi ameshika barua. Mama ameketi upande wa kulia, amevaa gauni jeupe la melimeli lililobanwa chini kidogo ya kifua, na kofia nyepesi ya lesi inayoacha nywele zionekane. Kati yao wamo watoto watatu: msichana anayeonekana kuwa na miaka saba au minane, akiwa na kikapu cha stroberi, mvulana wa miaka kama minne, ambaye suruali yake imefungwa kwa vifungo kwenye koti, na mtoto mdogo wa karibu miaka miwili aliyesimama juu ya sofa, amevaa gauni jeupe, ushanga wa marijani na viatu vyekundu, huku mkono wa mama ukimzunguka kiunoni. Nyuma yao hakuna kitu ila rangi ya kijivu iliyokolea. Kwenye ukingo wa sofa imepangwa safu ya misumari ya shaba, kila mmoja ukiwa na nukta yake ya mwanga.

Misumari hiyo ndiyo iliyoleta jina. Katika historia ya sanaa ya Marekani, misumari ya shaba kwenye sofa na viti huwakumbusha watu mchoraji mmoja wa Baltimore, Joshua Johnson, kiasi kwamba wako waliomtambulisha kwa misumari hiyo. Johnson anastahili maelezo, kwa sababu uzito wa jina lake ndio uliotuyumbisha sote.

Alizaliwa utumwani miaka ya 1760. Mama yake alikuwa mtumwa, na baba yake, George Johnson, alikuwa mzungu ambaye mwaka 1764 alimnunua mwanawe huyo kwa pauni 25. Hati ya mwaka 1782 ilieleza kuwa kijana huyo angekuwa huru akimaliza kujifunza kazi kwa mhunzi mmoja, au akitimiza miaka 21, lolote litakalotangulia. Kuanzia mwaka 1796 hadi 1824 jina lake linaonekana katika vitabu vya orodha ya wakazi wa Baltimore kama mchoraji, na katika tangazo la gazeti la mwezi Desemba 1798 alijieleza kuwa ni mwenye kipaji aliyejifundisha mwenyewe, aliyepata ujuzi kutokana na maumbile na bidii, na aliyepita katika vikwazo vingi visivyorukika. Picha zaidi ya 80 zinanasibishwa naye, lakini ni moja tu inayojulikana kuwa na sahihi yake, ile ya Sarah Ogden Gustin. Baada ya kufa alisahaulika, mpaka Dk. J. Hall Pleasants alipochapisha utafiti wake mwaka 1942 katika jarida la historia la Maryland. Hati za kununuliwa kwake na kuachiwa huru zilijulikana baadaye sana, katika miaka ya 1990.

Mwenye picha, ambaye nitamwita Bibi, alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Alitaka kuitoa picha kwa makumbusho yetu kama zawadi, kwa masharti mawili: bango la maelezo liandikwe kuwa ni kazi ya Joshua Johnson, na liandikwe kuwa mtoto mdogo mwenye viatu vyekundu ni babu wa babu yake, ambaye alizaliwa mwaka 1814 na ambaye jina lake limerithiwa na mwanamume mmoja katika kila kizazi cha ukoo huo. Wakati huohuo mfanyabiashara wa vitu vya kale alikuwa amemwahidi bei nzuri, mradi tu jina la mchoraji lithibitishwe kwa maandishi na taasisi inayoaminika. Taasisi hiyo ingekuwa sisi.

Yaliyotokea, kwa mpangilio

Siku ya kwanza nilijaza fomu ya kupokelea. Katika nafasi ya mchoraji niliandika "Joshua Johnson", kwa kuwa ndivyo Bibi alivyosema na ndivyo misumari ilivyoonekana kusema. Nafasi ya maelezo ya mwenye kitu ilikuwa chini yake, na hapo ndipo maneno yale yalipopaswa kukaa. Wiki tatu baadaye jina lilikuwa limeshanakiliwa kutoka kwenye fomu yangu hadi kwenye jarida la wanachama wetu na kwenye barua ya kuomba fedha za matengenezo, na katika barua hiyo hapakuwa tena na neno "inasemekana".

Vanishi ya picha ilikuwa imegeuka rangi ya chai, na bodi ilitaka kuiona ikiwa safi. Tuliajiri mhifadhi wa michoro kwa mkataba wa siku chache. Alifungua dirisha dogo la majaribio, yaani alisafisha sehemu ndogo tu ya kujaribia, kwenye kona ya chini, penye rangi ya kijivu, na vanishi ikatoka bila shida. Wajumbe wa bodi waliokuwapo wakaomba dirisha la pili karibu na uso wa mama, nami nikatia sahihi kibali. Pamba ilipogusa ukingo wa kofia, ikatoka na rangi ya hudhurungi pamoja na nyuzi tatu au nne za lesi. Mhifadhi aliacha papo hapo. Alitueleza kuwa mchoraji alipaka rangi kwa tabaka jembamba sana, na kwamba yaelekea katika zile nyuzi za lesi alichanganya rangi na utomvu wa aina ileile ya vanishi, hivyo kimiminika kinachoyeyusha vanishi kinaiyeyusha na lesi. Alikuwa amependekeza tangu mwanzo kuichunguza picha chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno kabla ya kuigusa. Sisi ndio tuliotaka kuokoa siku moja.

Taa hiyo tuliiwasha juma lililofuata, katika chumba kilichofungwa mapazia. Vanishi ya zamani ya utomvu wa miti hung'aa kijani chini ya mionzi hiyo, na rangi iliyoongezwa juu yake baadaye huonekana kama madoa meusi. Shavu la baba lilikuwa na doa refu, mahali turubai, yaani kitambaa kilichochorewa picha, ilipochanika na kuzibwa. Nyuso za mama na watoto zilikuwa karibu zote hazijaguswa. Kwenye sofa, zaidi ya nusu ya misumari ilikuwa myeusi. Yaani misumari ya asili ilikuwepo, lakini mtu wa baadaye aliongeza mingine na kuing'arisha ile iliyofifia. Hatukuweza kujua alifanya hivyo kwa nia gani, na sikuandika dhana yoyote kuhusu nia yake. Mgongo wa turubai nao haukutusaidia, kwa sababu katika karne ya 20 ilibandikwa turubai ya pili kwa nta na utomvu ili kuipa nguvu, na maandishi yoyote ambayo huenda yaliwahi kuwepo yamefunikwa.

Hapo ndipo tulipogeukia karatasi, jambo ambalo lingepaswa kutangulia yote hayo. Bibi alikuwa na jedwali la ukoo lililopigwa chapa na mjomba wake. Lilionyesha binti wa kwanza aliyezaliwa 1800, mvulana wa 1803, kisha watoto wawili wa 1809 na 1811, kisha yule babu wa 1814. Nilipouliza picha ilichorwa lini, Bibi alijibu kwamba ni mwaka 1816, kwa kuwa babu anaonekana na miaka miwili. Nilipiga hesabu mbele yake. Mwaka 1816 msichana angekuwa na miaka 16, na mvulana 13. Tena watoto wa 1809 na 1811 hawamo kabisa pichani. Bibi alikuwa na jibu tayari, na nitalieleza kama alivyolisema kwa sababu ndilo kiini cha kisa hiki: mchoraji hakusoma sanaa popote, kwa hiyo hakujua kuchora miili ya vijana, na wote aliwachora kama watoto wadogo, na wale wawili wengine walikuwa kwa shangazi yao. Akaongeza kuwa wachoraji wa namna hiyo walichora miili wakati wa baridi na kuzunguka na vichwa wakati wa kiangazi, hadithi ambayo husimuliwa sana kuhusu wachoraji wazungukaji wa Marekani na ambayo haijawahi kupata ushahidi.

Lililonisikitisha baadaye ni kwamba jibu lile lilituridhisha. Mimi, mkurugenzi wetu, na mtu wa tatu aliyekuwa na shahada ya historia ya sanaa, tulitikisa vichwa kukubali.

Biblia ya familia ilikuwa kwa tawi jingine la ukoo, katika jimbo jingine, na ilichukua miezi miwili kupata picha za kurasa zake. Kama ilivyokuwa desturi, kati ya Agano la Kale na Agano Jipya palikuwa na kurasa za kuandikia ndoa, kuzaliwa na vifo. Chini ya kuzaliwa, baada ya mvulana wa 1803, palikuwa na jina ambalo jedwali la mjomba halikuwa nalo kwenye mstari huo: mtoto wa kiume aliyezaliwa Machi 1806, mwenye jina lilelile la yule babu wa 1814. Katika ukurasa wa vifo, kwa mwandiko uleule, mtoto huyo amefariki Agosti 1808. Miaka sita baada ya kifo hicho, mwana mwingine alizaliwa na kupewa jina la marehemu.

Kila kitu pichani kilikaa mahali pake mara moja. Mwanzoni mwa mwaka 1808 msichana alikuwa na miaka saba au minane, mvulana minne, na mdogo alikuwa anakaribia miwili. Watoto wa 1809 na 1811 hawakuwa kwa shangazi, walikuwa hawajazaliwa. Gauni la mama, lenye mikono mifupi na lisilo na pambo lolote kwenye pindo, liliendana na miaka hiyo kuliko 1816. Hata gauni la mtoto halikupingana na kuwa kwake mvulana, kwa kuwa wakati ule wavulana nao walivalishwa magauni mpaka walipofika miaka minne hadi sita, na ushanga wa marijani walivalishwa watoto wa jinsia zote mbili kama kinga.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, ambao mhifadhi aliufanya kabla yetu, ulikuwa kusitisha usafishaji. Bodi iliuthibitisha kwa maandishi: hakuna kimiminika kitakachoigusa picha mpaka itakapopatikana njia ya kutenganisha vanishi na lesi. Picha ingeonyeshwa na rangi yake ya chai.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa jina la mchoraji, na huo ulihitaji muda zaidi. Nilikwenda Baltimore, ambako jumba la historia la Maryland lina picha kadhaa za Johnson, ikiwemo ile ya familia ya McCormick ya mwanzoni mwa karne ya 19 na ile ya Bi. Thomas Everette na watoto wake. Hii ya pili ndiyo kipimo changu cha ushahidi mzuri: Bi. Everette mwenyewe, katika wasia wake, alimwachia binti yake picha kubwa ya familia, ya yeye na watoto 5, akataja kuwa ilichorwa na J. Johnson mwaka 1818. Mtu aliyekaa mbele ya mchoraji ndiye aliyeandika jina. Picha yetu haikuwa na kitu cha namna hiyo. Tulipata orodha ya mali ya baba ya baada ya kifo chake, katika nyaraka za jimbo huko Annapolis, na ndani yake mlikuwa na sofa moja na "picha ya familia" moja, iliyokadiriwa thamani ndogo kuliko sofa, bila jina la mchoraji.

Kwa macho, picha yetu ilifanana na za Johnson katika midomo iliyofumbwa, miili iliyogeuzwa robo kuelekea kando, wembamba wa rangi na stroberi mkononi mwa mtoto. Ilitofautiana katika mikono. Vidole vya mama katika picha yetu vimepewa kivuli kimoja kimoja, kwa uangalifu ambao sikuuona katika zile nilizozitazama. Wataalamu wawili tuliowatumia picha walitofautiana: mmoja aliona mkono wa Johnson, mwingine akaona mtu aliyemjua Johnson au aliyewahi kuziona kazi zake. Wote wawili walisema wasingependa kutaja misumari kama hoja, baada ya kuona matokeo ya taa.

Tukafuatilia na njia ambayo jina lilipita kuingia kwenye ukoo. Karatasi ya kwanza yenye jina la Johnson ilikuwa barua ya mjomba ya mwaka 1948, ambamo anasema amesoma habari za mchoraji huyo na kwamba "lazima awe ndiye". Lakini Bibi alikuwa pia na orodha ya vyombo vya nyumba ya mwaka 1911, iliyotayarishwa kwa ajili ya bima ya moto, na humo imeandikwa picha kubwa ya familia, mchoraji hajulikani. Kwa hiyo hadithi ya kifamilia haikutoka kwa waliochorwa. Ilizaliwa baada ya utafiti wa mwaka 1942 kuchapishwa, kisha ikazeeka haraka.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa nani aambiwe kwanza. Mkurugenzi alitaka kumwandikia Bibi barua yenye hoja zote. Niliomba niende mwenyewe, na nibebe picha ya ukurasa wa Biblia, kwa kuwa habari ya mchoraji ilikuwa suala la kitaaluma lakini habari ya mtoto ilikuwa msiba wa kwao, hata kama umepita kwa miaka 200. Alisoma ukurasa ule kwa muda mrefu akitumia kioo cha kukuzia. Kisha akauliza iwapo wazazi hawakuona vibaya kulitumia jina lilelile tena. Nilimweleza ninachokijua: kwamba kumpa mtoto jina la ndugu yake aliyetangulia kufa lilikuwa jambo la kawaida katika Marekani ya wakati ule. Nikamweleza pia kwamba katika pwani ninakotoka majina hurudishwa vivyo hivyo, na kwamba mimi mwenyewe nimepewa jina la dada wa baba yangu aliyefariki akiwa msichana, na nyanya yangu hakuliita jina langu hata siku moja bila kulainisha sauti. Bibi hakuuliza habari za Joshua Johnson mpaka nilipokuwa nimesimama kuaga.

Uamuzi wa nne ulikuwa wa rejista. Wapo waliopendekeza nichapishe fomu mpya. Niliacha ile ya zamani, nikapiga mstari mmoja juu ya jina la mchoraji ili lisomeke bado, nikaandika marekebisho pembeni pamoja na tarehe na herufi za jina langu, kwa sababu mtu atakayekuta jina la Johnson katika jarida letu la zamani ana haki ya kujua lilitoka wapi.

Matokeo

Mfanyabiashara alijiondoa alipoona hatutatoa uthibitisho. Bibi alituletea picha bila sharti lolote, isipokuwa moja ambalo hakuliita sharti: mtoto atajwe kwa jina na kwa miaka yake. Bango linasema kuwa mchoraji hajatambuliwa, na kwamba huenda ni Joshua Johnson. Linaitaja Baltimore na mwaka 1808 kwa makadirio. Na linaeleza kwa sentensi mbili jinsi Biblia ya familia ilivyorekebisha jedwali la ukoo. Jarida la wanachama lilichapisha sahihisho, na mfuko tuliouomba fedha uliarifiwa. Mfuko huo ulipunguza kiasi, lakini haukujitoa.

Sehemu ya lesi iliyotoka haikurudishwa. Mhifadhi alijaza kwa rangi inayoweza kuondolewa, na picha za kabla na baada ya ajali zimo kwenye faili.

Uchambuzi

Kosa la kuandika jina katika nafasi isiyo yake linajieleza, na sitalirefusha: maneno ya mwenye kitu ni ushahidi wa kile anachoamini, na yana nafasi yake kwenye fomu. Kosa la kibali cha dirisha la pili ni kubwa zaidi kwa kuwa halirekebishiki. Lilitokana na mpangilio mbaya. Tuliianza kazi kwa kimiminika, tukafuata na mwanga, tukamalizia na karatasi, ilhali karatasi haigusi picha, mwanga haudhuru kwa dakika chache, na ni kimiminika pekee kinachoweza kuiondoa lesi. Kama tungekwenda kinyume, tungeijua tarehe ya picha kabla ya mtu yeyote kuchovya pamba.

Lakini kosa ambalo nimelifikiria zaidi halikuandikwa kwenye fomu yoyote. Picha ilikuwa ikituambia ukweli tangu siku ya kwanza. Mchoraji aliona msichana wa miaka saba, mvulana wa miaka minne na mtoto wa miaka miwili, akawachora wenye miaka saba, minne na miwili. Sisi tulipoona kuwa picha haikubaliani na jedwali lililopigwa chapa zaidi ya miaka 100 baadaye, na mtu ambaye hakuwahi kumwona hata mmoja wao, tuliamua kuwa aliyekosea ni mchoraji. Hatukuwa na sababu nyingine ila kwamba hakwenda shule ya sanaa. Tungefanya hivyo kwa picha ya mchoraji aliyesomea London? Nadhani tungelishuku jedwali dakika ileile.

Ni kweli kwamba wachoraji hawa walikuwa na mipaka. Sofa katika picha yetu haina kina, na miguu ya baba haionekani kubeba uzito wake. Lakini kutojua hesabu za umbali hakumfanyi mtu asijue tofauti ya mtoto na kijana, hasa mtu ambaye riziki yake ilitegemea wazazi kumtambua mtoto wao kwenye turubai na kulipa. Kisa cha Ammi Phillips, mchoraji mzungukaji wa New York na Connecticut, kinaonyesha dharau hiyohiyo kwa upande mwingine: kazi zake za vipindi viwili ziligawanywa kati ya wachoraji wawili wasiojulikana mpaka utafiti wa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 ulipozikutanisha, kwa kuwa haikufikiriwa kwa urahisi kuwa mtu asiye na mafunzo angeweza kuubadilisha mtindo wake kwa makusudi.

Kilichofanya kazi vizuri kilikuwa kuuliza hadithi imepita kwa nani. Waliolelewa pwani wanaijua kazi hii kutoka madrasa, ambako mwalimu hakubali simulizi bila isnadi yake: nani kasikia kwa nani, na je, walikutana? Mjomba wa mwaka 1948 alisikia kutoka kwa maandishi yaliyochapishwa, si kwa baba zake, na orodha ya bima ya 1911 ilikata mnyororo wote uliobaki. Wakati huohuo isnadi ileile iliipa nguvu Biblia, kwa sababu mwandiko wa kurasa za kuzaliwa na za vifo ulikuwa mmoja, na mistari ya 1806 na 1808 imo katika mfuatano wake, haikubanwa pembeni. Hadithi ya familia ilikosea, na karatasi ya familia ileile ikasahihisha. Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaosema makumbusho yazipuuze simulizi za wenye vitu. Bila Bibi kutuambia kuwa mtoto ni babu wa 1814, tusingepata cha kupingana nacho, na tusingeitafuta Biblia.

Kuhusu neno "huenda" kwenye bango, lilipingwa na pande zote mbili, na nilipigania libaki. Kuliondoa jina la Johnson kabisa kungekuwa kumnyima, kwa uoga wetu, mchoraji ambaye tayari aliwahi kufutwa kwa zaidi ya karne. Kuliandika bila "huenda" kungekuwa kumbebesha mikono ambayo pengine si yake. Katika Baltimore ya 1808 palikuwa na watu wengine waliochora, ambao majina yao hayakupata hata mtu wa kuyatafuta.

Turubai ya pili bado imebandikwa mgongoni. Kuiondoa kunahitaji joto na vimiminika, na mhifadhi ametushauri kuwa lesi ya kofia haitavumilia, kwa hiyo kama kuna maandishi huko nyuma yatasubiri. Faili la picha lina picha za taa, barua ya 1948, orodha ya 1911, kurasa za Biblia, na nakala ya jedwali la ukoo ambayo Bibi alituletea mwenyewe miezi michache baada ya uzinduzi. Kati ya mstari wa 1803 na ule wa 1809 ameongeza jina kwa kalamu ya wino, kwa herufi za mtu ambaye mkono unamtetemeka, na baada ya jina ameandika 1806–1808.